Jina Nililolipaza Kwenye Moshi

2 Septemba

Nimeolewa! Nimeliandika neno hili mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza niliikandamiza kalamu hadi ikachana karatasi. Nimeolewa, tena na Gesam, yule yule niliyemtazama kwenye michezo ya shule kule mjini Daru hadi nikasahau zamu yangu ya kukimbia. Sasa hivi amelala hapa ubavuni mwangu, mchana kweupe, mdomo wazi. Hata mdomo ukiwa wazi ni mzuri.

Kaka yangu Wasang amemchukua Dorkas, dada yake Gesam, nami nimekuja huku badala yake. Dada kwa dada, kama ilivyo kwetu. Kati ya kijiji chetu na chao kuna kinamasi, mwendo wa siku nzima wakati wa kiangazi. Mvua zikianguka hakipitiki tena mpaka msimu uishe. Tulipoagana Mama alinivuta kando.

"Delma, ukichoka huko ukarudi, ujue Dorkas naye atarudi kwao siku hiyo hiyo, na kaka yako atabaki anaongea na chungu. Kwa hiyo usichoke."

"Mama, nichoke na nini? Hujayaona mabega yake?"

Akanipiga kofi la mgongo, huku anacheka na kulia.

5 Septemba

Jina la baba mkwe halitamkwi na mke wa mwanawe. Nimelijua hilo tangu nikiwa mdogo, lakini kulijua ni kitu kimoja na kuishi nalo ni kingine. Hata hapa sitaliandika. Mkono wenyewe unakataa.

Shida ni kwamba ninao watatu. Yuko Baba Mkwe mwenyewe, mzazi wa Gesam. Yuko kaka yake mkubwa, anayejua kila sheria ya ukoo na kuikumbusha bila kuulizwa. Na yuko mdogo wao, ambaye masikio yake yamekwisha nguvu. Wote ni Baba Mkwe, na wote majina yao nimeyafungia mdomoni.

Leo asubuhi nilimmiminia chai Baba Mkwe wangu hasa, nikaita kwa adabu zote: "Baba Mkwe, chai!" Wawili wakageuka kwa pamoja, na yule mdogo akageuka baada yao kwa sababu aliwaona wakigeuka. Kikombe kilikuwa kimoja. Yule mkubwa akakichukua kwa ukubwa wake.

Mama Mkwe alicheka hadi akakaa chini. "Mwanangu, chemsha birika kubwa kila siku. Hakuna njia nyingine."

Baba Mkwe mwenyewe hakucheka. Hanitazami. Hajanisemesha hata neno moja tangu nije. Gesam anasema ni heshima. Mimi nasema hanipendi.

6 Septemba

Hakuna jipya, ila Gesam.

11 Septemba

Jamani, upinde wa mume wangu! Ni wa mwanzi, umemzidi yeye kimo, na hata ugwe wake ni ukanda wa mwanzi uliochanwa ukalainishwa. Hapa kijijini hakuna anayeuvuta mpaka mwisho isipokuwa yeye na baba yake. Mkono wa kushoto anavaa kigasha cha ukindu uliosukwa, ugwe usimchune ngozi. Akivaa kile kigasha nashindwa kutwanga.

Leo alinipa nijaribu.

"Vuta, Madam Shule!"

"Navuta!"

"Unavuta pumzi tu."

Ugwe haukufika hata puani kwangu. Yeye akasimama nyuma yangu, akaishika mikono yangu, tukavuta pamoja, na mshale ukaruka ukachoma kichuguu kule mbali. Nikapiga kelele za furaha hadi kuku wakakimbia. Baba Mkwe alikuwa pembeni anachonga mishale. Aliinua kichwa, akanitazama kidogo, akakiinamisha tena. Nikaona aibu.

Jioni Gesam alileta kangaruu mdogo. Yeye hali alichokipiga mwenyewe, maana mpigaji akila windo lake mkono unapoteza shabaha. Basi alikaa na kiazi kikuu kikavu huku sisi tukitafuna nyama. Sikuweza kuvumilia. Nikampa Mama Mkwe kipande changu, nikaenda kukaa naye na kiazi changu kikavu.

"Mapenzi haya yatawakondesha," akasema Mama Mkwe, huku anatafuna.

19 Septemba

Nguruwe ameingia shambani. Si kundi, ni mmoja, dume, na nyayo zake ni pana kama kiganja changu. Amefukua mistari mizima ya viazi vikuu, na vile ambavyo hakula amevikanyaga. Wanaume walizunguka wakiangalia udongo. Gesam alichuchumaa akaonyesha alama kwenye gome la mti, mahali dume alipokuwa ananoa chonge zake. Alama ile ilinifika mimi pajani.

"Huyu si wa mchezo," akasema, na macho yake yaling'aa. Namjua. Hakuwa na hofu, alikuwa na hamu.

Mimi nilikuwa na vyote viwili.

20 Septemba

Redio, mbwa wetu, amebweka tangu jua linachomoza. Ndiyo maana anaitwa Redio.

28 Septemba

Amerudi. Safari hii amefika mpaka kwenye banda tunamotunza mbegu za viazi za mwaka ujao. Alivunja ukuta, na Mama Mkwe aliyekuwa ndani akapanda juu ya dari kwa mwendo ambao mwenyewe haamini. "Mimi na nyonga zangu hizi!" anarudia kwa kila mtu. Anacheka, lakini alipokuwa anapika aligeuka kutazama mlango kila mara.

Mbegu zikiisha, mwakani hakuna chakula. Hata mimi niliyeishia kidato cha nne naielewa hesabu hiyo.

Baba Mkwe anachonga mishale mipya, ile yenye chembe kipana cha mwanzi kwa ajili ya nguruwe. Anachonga tangu asubuhi hadi giza. Hasemi. Hali akamaliza. Nikipita mbele yake anageuza uso, na mimi najiuliza nimemkosea nini mzee huyu. Nimefagia, nimeteka maji, nimepanda viazi hata kama mistari yangu imepinda kidogo. Nilimwambia Gesam: huenda alitaka mkwe mwingine. Gesam akasema, "Baba hajui kutaka kitu kwa mdomo." Sikuelewa.

9 Oktoba

Imeamuliwa! Watachoma nyasi za bonde anamolala dume, naye akikimbia moto watamngoja upande wa pili kwa pinde. Na mimi nakwenda! Nimeomba siku tatu mfululizo. Mlinzi anahitajika juu ya kichuguu kikubwa, wa kuangalia nyasi zinavyotikisika na kupiga kelele. Kichuguu kile kimenizidi kimo mara mbili.

Baba Mkwe Mkubwa alikataa. "Mwanamke wa shule atakohoa tu."

"Shule wanafundisha kukohoa?" akauliza Baba Mkwe Mdogo, kwa dhati kabisa.

Gesam akasema nina macho mazuri. Akaongeza kwamba nina sauti ya kuamsha maiti, na hapo sikujua kama nishukuru. Wote wakamgeukia Baba Mkwe. Alikuwa anafunga chembe cha mshale kwa uzi. Akaendelea kufunga mpaka akamaliza, kisha akatikisa kichwa kuwa sawa, niende.

Sasa sielewi kabisa. Labda anataka niliwe.

12 Oktoba

Kesho. Siwezi kulala, wala kuandika. Gesam wangu anakoroma kama mtu asiye na kesho.

14 Oktoba

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo nitaandika yote, na nitaanza mwanzo, maana nikianzia pale pabaya nitalia.

Tulitoka umande ukiwa bado. Upepo ulikuwa unatoka kusini, mzuri, wa kusukuma moto kuelekea kwa wapigaji. Gesam alishika mwisho mmoja wa mstari pamoja na Redio. Wazee wakashika mwisho mwingine, Baba Mkwe Mkubwa, kisha Baba Mkwe, kisha Baba Mkwe Mdogo, wameachana kiasi cha kuonana vichwa tu juu ya nyasi. Mimi nikapanda kichuguu nyuma yao. Kabla sijapanda, Gesam alinishika kidole kidogo cha mkono, basi, kwa sababu wazee walikuwapo. Kidole changu hicho kiliwaka moto kabla ya nyasi.

Moto ukawashwa. Ulianza kwa kunong'ona, mara ukanguruma. Moshi ukapanda, na vipanga wakaja kuuzunguka wakisubiri panzi na panya. Kangaruu wakaruka nje kwa makundi, na hakuna aliyewapiga, maana tulikuwa tunamngoja mmoja tu. Nami nilikuwa na furaha, naikiri, furaha ya kutaka kupiga mayowe.

Nikaona nyasi zikigawanyika.

"Anakuja! Kwa Gesam! Anakuja kwa Gesam!"

Akatoka. Mungu wangu, ukubwa ule! Mweusi, nywele za mgongo zimesimama, chonge zimepinda hadi karibu na macho. Gesam alivuta, nikauona mgongo wake ukifunguka kama mlango, akaachia. Mshale ulizama begani. Dume hakuanguka. Aliupiga mshale kwenye mti akauvunja, akamrusha Redio hewani kama mzigo wa ukindu, akageuka akarudi ndani ya moshi.

Gesam akapiga ukelele: "Ameumia! Msiingie!"

Kila mtu wa kwetu anajua kisichofanywa hapo. Humfuati nguruwe aliyejeruhiwa kwenye nyasi. Unasimama, unangoja. Wazee walisimama, pinde zimevutwa nusu, nyuso zote kwenye moto, kwa sababu moshi ndiko alikoingia.

Lakini upepo ukabadilika. Niliuhisi shavuni, ghafla, kutoka upande mwingine. Moshi ukawafunika, na mimi niliyekuwa juu nikaona kile ambacho wao wasingeweza kukiona. Nyasi zilikuwa zinatikisika nyuma yao. Dume alikuwa amezunguka. Alikuwa anakuja polepole, kichwa chini, bila sauti, moja kwa moja kwenye mgongo wa Baba Mkwe wangu.

"Baba Mkwe!" nikapiga kelele. "Baba Mkwe, nyuma!"

Yule mkubwa akageuka, akaangalia nyuma yake mwenyewe, hakuona kitu. Yule mdogo, kwa ajabu ya Mungu, alisikia, akageuka naye. Na Baba Mkwe, mwenyewe hasa, hakugeuka. Alidhani nawaita wale, kama ile siku ya chai.

"Baba Mkwe! Baba Mkwe wa katikati!"

Dume akaacha kutembea. Akaanza kukimbia.

Nikaita jina lake.

Nililiita lote, kwa sauti yangu yote, lile jina ambalo sijawahi kulitamka hata kwa kujinong'oneza. Lilitoka tu. Liliruka juu ya nyasi, na nikamwona akishtuka kana kwamba nimempiga jiwe, akageuka, na dume alikuwa amefika.

Hakuwa na nafasi ya kuvuta. Aliushika upinde kwa mikono miwili akauweka mbele yake kama kizuizi, na dume akaupiga kwa kichwa. Wakaanguka wote wawili. Niliona mguu wake ukiinuka, nikaona kichwa cha dume kikigonga pembeni mara mbili, na damu ikaruka mpaka kwenye nyasi. Baba Mkwe alikuwa ameuingiza ule upinde mdomoni mwa dume na kuushikilia ncha zote mbili, akimsukuma, na mwanzi ulikuwa unalia kriii, kriii.

Gesam alikuja kama jiwe lililotupwa. Ndugu zake Baba Mkwe walishika pinde lakini hawakuthubutu, maana mtu na mnyama walikuwa kitu kimoja. Gesam alikwenda mpaka pale. Alisimama karibu kiasi kwamba ncha ya mshale iliyagusa manyoya ya dume kabla hajaachia. Akampiga nyuma ya mguu wa mbele. Akaweka mwingine, akampiga tena palepale. Upinde wa baba yake ukavunjika, na dume akaanguka juu yake, akatulia.

Sikumbuki nilivyoshuka kwenye kichuguu. Magoti yangu yamechunika, kwa hiyo nadhani niliteleza. Tulimwondoa dume, na paja la Baba Mkwe lilikuwa wazi. Nilivua blauzi yangu ya shule, nikabaki na fulana, nikaikunja nikaikandamiza pale kwa mikono miwili.

Baba Mkwe alinitazama. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Bonyeza zaidi," akasema.

Ndilo neno lake la kwanza kwangu.

Nikabonyeza. Gesam alikuwa analia na kucheka, anamshika baba yake kichwa, ananishika mimi shingo, mikono yake ina damu ya kila aina. Alikuwa mzuri kuliko siku yoyote. Redio akaja anachechemea kuramba uso wa kila mtu. Tulikuwa hai, wote, na nilikuwa karibu kuimba.

Hapo ndipo nilipowaona wale wazee wawili wamesimama, hawamtazami dume wala jeraha. Walikuwa wananitazama mimi.

"Amelitaja," akasema Baba Mkwe Mkubwa.

"Ametaja nini?" akauliza yule mdogo.

"Jina."

"Mimi sikusikia kitu."

"Wewe husikii hata radi!"

"Basi kwangu mimi hajataja," akasema Baba Mkwe Mdogo, akaanza kukata miti ya kumbebea majeruhi.

15 Oktoba

Mhudumu wa zahanati amemshona Baba Mkwe. Atapona, mguu utabaki mgumu kidogo. Dume amegawiwa nyumba zote. Gesam hakugusa, nami sikugusa, ingawa safari hii hata harufu tu ya nyama ile ilinikimbiza nje nikatapika. Ni mshtuko, bila shaka.

Jioni tukaitwa. Baba Mkwe Mkubwa alisema kwa upole, na upole wake uliniogopesha kuliko ukali. Jina la baba mkwe likishatamkwa husafishwa kwa njia moja tu. Nguruwe atoke kwa watu wa mke, apigwe kwa mshale wa kaka yake, na aliyetajwa aile nyama hiyo. Na lazima iwe kabla ya mvua, kwa sababu hakuna nyumba inayoweza kukaa msimu mzima wa maji na jina lililo wazi.

"Mvua ikifunga kinamasi kabla ya hapo," akasema, "Delma arudi kwao, na Dorkas arudi hapa."

"Amemwokoa baba!" Gesam akasema.

"Najua, na namshukuru. Sheria haijui moto wala nguruwe, mwanangu. Inajua jina."

Nilimtazama Baba Mkwe aliyelala kwenye mkeka. Aliangalia ukuta.

Kwa kaka yake. Kwa mshale wa kaka yangu Wasang! Wasang ambaye alipokuwa mvulana alilenga mnazi akapiga jiko la shangazi. Gesam aliniuliza kwa sauti ndogo, "Siku hizi analenga vizuri kidogo?" Nikaanza kulia.

17 Oktoba

Gesam ametoka alfajiri kwenda kupeleka habari. Kitanda kikubwa mno.

19 Oktoba

Amerudi, mpenzi wangu! Wasang amesema ataleta. Gesam anasema Wasang alipolisema hilo alimeza mate mara nyingi. Dorkas alisema tu, "Niachie mimi."

27 Oktoba

Hakuna habari. Mawingu madogo upande wa bahari.

3 Novemba

Mama Mkwe ananikataza nisilie jikoni, anasema chumvi inazidi.

Leo nilikuwa nakuna nazi nyuma ya nyumba, nikamsikia Baba Mkwe ndani akizungumza na mbwa. Alisema, "Nyamaza, Redio. Hata ukibweka siku hizi hakuna wa kukujibu."

Nikamuuliza Mama Mkwe maana yake.

"Dorkas alikuwa anabishana na huyo mbwa," akasema. "Mbwa anabweka, yeye anamjibu, toka asubuhi. Nyumba nzima kelele. Sasa baba yenu anakula nusu sahani na kutazama mlango."

Nilibaki na kifuu mkononi. Miezi hii miwili nimeandika hapa hanipendi, hanitazami. Mimi nilihesabu nilichokipata tu, mabega na vigasha. Sikufikiria hata siku moja kwamba siku niliyoingia mimi kwa mlango huu na kucheka, kuna binti wa mtu alikuwa ameshatoka kwa mlango huu huu. Akinitazama, anaona mahali pa Dorkas. Na bado alikubali nipande kichuguu.

Nilipompelekea chakula leo sikuondoka upesi. Nilikaa mlangoni, na Redio alipobweka nikamwambia mbwa, kwa sauti, "Wewe nawe! Umeona nini? Kuku yule ni wa kwetu!"

Sahani ilirudi tupu.

9 Novemba

Radi mbali. Gesam anasema ni mbali sana. Amesema hivyo mara tatu.

14 Novemba

Matone machache, yakaacha. Baba Mkwe Mkubwa alitoka nje akatazama juu, akarudi ndani. Nadhani yeye naye hapendi nirudi kwetu. Nimemwona leo akimpa Redio mfupa.

Nimefunga nguo zangu. Gesam amezifungua. Nimezifunga tena, amezifungua tena, akazikalia.

"Ukienda, nakwenda na wewe," akasema.

"Halafu Dorkas arudi akute nini hapa?"

Alinishika tu, na moyo wake ulikuwa unapiga kama ngoma inayodundwa na mtu asiyejua ngoma.

19 Novemba

Mawingu meusi toka asubuhi. Kinamasi kinanuka maji. Bado.

21 Novemba

Nitaandika haraka kwa sababu paa linavuja juu ya daftari na sijali!

Mchana giza lilishuka, upepo ukainamisha minazi, na matone makubwa yakaanza kupiga vumbi. Tulikuwa barazani wote. Baba Mkwe Mkubwa alifungua mdomo, akaufunga, na mimi nikamshika Gesam mkono mbele ya wazee, na aibu iende zake.

Ndipo Redio akabweka kuelekea njia ya kinamasini. Na kutoka ndani ya mvua, sauti ya mwanamke ikamjibu:

"Na wewe bado mzima, mbwa mbaya wewe? Nyamaza, tunaleta nguruwe!"

Baba Mkwe alisimama. Kwa ule mguu, bila fimbo, alisimama.

Wakatokea, matope mpaka kifuani, kaka yangu Wasang mbele na Dorkas nyuma, nguruwe amefungwa kwenye mti begani mwao. Nguruwe hakuwa mkubwa, lakini mshale wa Wasang ulikuwa bado umesimama ubavuni mwake ili kila mtu auone.

"Amepiga mwenyewe?" akauliza Baba Mkwe Mkubwa.

"Mwenyewe!" akasema Dorkas. "Tumelala kisimani, upande wetu wa kinamasi, wiki nzima. Amewakosa wote waliopita. Leo alfajiri nikamwambia, mume wangu, ukimkosa na huyu, kesho unalala peke yako mpaka uzeeke. Akapiga kama baba yangu."

"Nilifumba macho," akasema Wasang.

"Usiwaambie!"

Tuliwasha moto ndani, mvua ikipiga paa hata hatusikiani. Nyama ikaiva. Mimi nilipeleka sahani kwa mikono yangu, nikaiweka mbele yake bila kumwita kwa neno lolote, kwa sababu nilikuwa naogopa kinywa changu. Wasang alikaa na kiazi kikavu. Gesam naye akachukua kiazi kikavu, kumsindikiza. Baba Mkwe akala. Alikula yote, polepole, akafuta vidole, na Baba Mkwe Mkubwa akavuta pumzi ndefu, akasema, "Limesafika."

Nilidhani yamekwisha. Lakini Baba Mkwe akanigeukia, akanitazama usoni, mara ya tatu tangu niolewe.

"Tangu Dorkas aondoke," akasema, "hakuna mtu aliyepaza sauti kwenye nyumba hii. Nilikuona shuleni Daru siku ya michezo. Ulikuwa unawashangilia watu wako kana kwamba unawachapa. Nikamwambia mama yake Gesam, kama lazima tumtoe binti yetu, tupewe yule." Akakohoa kidogo. "Kule kwenye moshi sikusikia kosa. Nilisikia ninaitwa nyumbani."

Gesam alikuwa anafuta macho kwa kigasha.

"Jina hili nimelitumia vya kutosha," Baba Mkwe akaendelea. "Nampa mtoto wao. Hapo Delma ataliita toka asubuhi hadi jioni, na hakuna atakayemlipisha."

"Mtoto gani?" akauliza Baba Mkwe Mkubwa.

Mama Mkwe akaweka mwiko chini. "Nyie wanaume! Mnadhani mwezi mzima huu anatapika kwa sababu ya shule?"

Gesam alinitazama. Mimi nilikuwa najua tangu wiki iliyopita, na nilikuwa nimeificha mimba, kwa sababu kama ningerudi kwetu nisingetaka aijue, asije akaumia mara mbili. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Aliruka, akagonga kichwa kwenye boriti, akakaa chini.

"Amesema nini?" akapaza sauti Baba Mkwe Mdogo. "Mbona kijana kaanguka?"

"Na akiwa wa kike?" akauliza Dorkas.

"Hata akiwa wa kike," akasema Baba Mkwe.

Sasa wote wamelala, wamejaa kila kona, maana kinamasi kimefungwa na Wasang na Dorkas watakaa nasi mpaka maji yatakaporuhusu. Dorkas anakoroma kuliko kaka yake. Nimeweka mkono mmoja tumboni na mwingine unaandika, na safari hii haukatai.

Yarimo.

Yarimo, mama yako anakuita.